Kishikio Chekundu: Maswali ya Marubani Wanafunzi

Shikamoo mwalimu. Ninajifunza kurusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Nilidhani wakati wa kuruka kishikio chekundu cha mafuta husukumwa mpaka mwisho, lakini mwalimu wangu hunivutisha nyuma kidogo ili mafuta yapungue. Injini haitagonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda?

Marahaba. Fungua kitabu cha ndege yako: kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, Cessna wanataka ukanyage breki, ufungue nguvu zote, kisha uvute kishikio mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni. Wilson iko futi 5,500 na ushee. Mchana wa nyuzi 26 za Selsiasi, injini huona kama iko futi 8,000 hivi. Hewa ni nyembamba, nawe ukiimwagia mafuta ya kiwango cha Mombasa, nguvu zinapungua na plagi zinashika masizi. Njia ya kurukia nayo haitarefuka kwa kukuonea huruma.

Kuhusu kugonga, uchache wa mafuta peke yake haugongeshi injini. Kasheshe huanza uchache huo unapokutana na nguvu nyingi na joto. Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege, wanaruhusu kupunguza mafuta nguvu zikiwa asilimia 75 kushuka chini, na kwenye hewa ya futi 8,000 injini isiyo na tabo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini) haiwezi kutoa zaidi ya hapo hata uifungue yote. Yenye tabo ni habari nyingine: ile huruka na hewa nzito ya pwani popote ilipo, kwa hiyo ipe mafuta yote.

Nitakusikiaje kugonga nikiwa angani?

Hutakusikia. Gari likigonga mlimani utasikia kama kokoto ndani ya kopo, ila kwenye ndege kelele za rafadha na vipokea sauti vya masikioni vinameza sauti yote.

Kinachotokea ni hiki. Plagi ikiwasha, moto hutembea taratibu kuvuka silinda. Mchanganyiko uliobaki pembeni ukibanwa na kupashwa kupita kiasi, hulipuka wote kwa mkupuo kabla moto haujaufikia. Pigo hilo linapangusa utando mwembamba wa gesi isiyo moto sana unaokinga pistoni. Moto wa silinda unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini huyeyuka kwenye 660. Hesabu umeiona.

Basi macho yawe kwenye geji ya joto la vichwa vya silinda. Kikomo cha Lycoming nyingi ni nyuzi 500 za Farenhaiti, lakini mimi ikipita 400 huwa sikai kimya. Ikipanda mbio, ongeza mafuta, punguza nguvu, teremsha pua ili upepo upoze injini. Chanzo utakitafuta baadaye.

Nilitoka Nairobi kwa futi 9,500 nikashuka Malindi. Nikaghairi kutua, nikafungua nguvu zote, injini ikakohoa. Wenzangu wananicheka.

Waache wacheke, hata mimi yamenikuta. Uliacha kishikio pale ulipokiweka juu, ukashuka nacho hadi uwanja ulio futi 80 tu kutoka usawa wa bahari. Hewa ikawa nzito, mafuta yakabaki yale yale. Kisha ukadai nguvu zote: hapo ndipo mafuta machache na nguvu nyingi vinapokutana. Kukohoa kulikuwa bahati, maana kulikuzindua. Kila ukishuka futi elfu moja, sukuma kidogo. Ukirudi Wilson, usikisukume mpaka mwisho kwa mazoea ya pwani.

Petroli ya kituo cha mafuta je, kwa kubana matumizi?

Kama injini na ndege yako havina kibali cha petroli hiyo, hapana. Namba ya oktani, yaani uwezo wa mafuta kuhimili kugonga, ya kituoni hupimwa kwa njia laini kuliko ile ya ndege.

Kijana wa boza nusura anijazie Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Injini ingewaka kweli?

Ingewaka, na hapo ndipo pana balaa. Mafuta mazuri yaliyobaki kwenye mabomba yangekutosha kutembea ardhini, pengine hata kuruka. Kisha yale mapya yangefika, na oktani yake ni ndogo mno: injini ingegonga mpaka pistoni zitoboke, huku bado unapanda.

Avgas 100LL, petroli ya ndege kama yako, ni ya buluu, lakini ikichanganyika na Jet A-1 buluu hubaki, imefifia tu. Kwa hiyo dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas hukauka ikapotea, Jet A-1 huacha doa la grisi. Na boza likija, simama pale pale bawani, chai itasubiri.