Mzigo wa moto haupakiwi kwa pupa

Juzi kijana mmoja wa Homa Bay aliniandikia: bosi anataka mitungi ya gesi na jerikeni za petroli zipande boti moja, haraka, kabla upepo wa mchana haujaanza. Afanyeje?

Ndugu yangu, nimepitia hapo. Miaka minne nilisimamia upakiaji wa boti za visiwani hapa Kisumu. Asubuhi moja niliinua turubai nikakuta jerikeni ya petroli imezibwa kwa karatasi ya nailoni, kifuniko hakuna, matone yanadondoka kwenye mbao. Hatua tatu nyuma yake, jiko la makaa, chai ya nahodha inatokota. Nikasema boti haiondoki. Tajiri akaniita mwoga mbele ya makuli wote, na jioni hiyo sikuwa na kazi. Bado inaniuma, sitaficha.

Kilichonipa moyo ni kusoma habari za meli za ugavi za majeshi ya majini, zile zinazobeba risasi na mabomu. Za Wamarekani nyingi zilipewa majina ya volkano, na si bure. Mojawapo, USS Mount Hood, ililipuka tarehe 10 Novemba 1944 kwenye bandari ya Seeadler, kisiwani Manus katika Bahari ya Pasifiki, ikiwa na takriban tani 3,800 za zana za kivita. Ndani hakupona mtu. Walionusurika ni 18 waliokuwa wameshuka nchi kavu asubuhi hiyo. Chanzo hasa hakikupatikana, lakini wachunguzi waligundua mzigo ulikuwa ukitupwatupwa ovyo, na viwashio vilirundikwa pamoja na vichwa vya mabomu kwenye ngama moja, yaani chumba kimoja cha mzigo, kinyume cha kanuni.

Miezi minne kabla yake, tarehe 17 Julai, watu 320 walikufa Port Chicago, California, meli ikipakiwa. Wengi walikuwa wanajeshi weusi, hawakufunzwa kushika mabomu, ila walishindanishwa nani atapakia haraka zaidi! Wenzao walipogoma kurudi kazini, 50 walihukumiwa kwa uasi. Hatia hiyo ilifutwa mwaka 2024. Miaka 80, jamani.

Kwa hiyo kijana, nisikilize. Kagua kila kifuniko kwa mkono wako mwenyewe. Gesi na siku yake, petroli na siku yake. Jiko libaki ufuoni. Ukiona haifai, kataa, tena ukatae watu wakisikia. Na vifuniko, narudia, kagua.

Mimi nilikaa miezi saba bila kibarua, mke wangu akiuza omena ndipo tule. Leo nina boti yangu, ndogo tu, na chai tunainywa ufuoni kabla hatujapakia chochote.