Mgonjwa aliyeziba mkojo: pangeni kutoa mpira siku mnapouweka

Wenzangu mnaoanza kazi katika vitengo vya dharura vya hospitali za Dar es Salaam kama Amana, Temeke na Mwananyamala, haitapita muda kabla hamjampokea mgonjwa aliyeziba mkojo, mara nyingi mzee ambaye tezi dume yake imekua, na mtaona anavyopata nafuu dakika chache tu baada ya kuwekewa mpira wa mkojo (katheta). Nafuu hiyo ndiyo inayotupoteza. Familia huona ugonjwa umekwisha, sisi huona zamu imekwenda vizuri, na mzee hurudi Mbagala au Gongo la Mboto akiwa na mpira usio na tarehe ya kutolewa.

Kuanzia hapo gharama hazikatiki. Mpira wa kawaida wa lateksi hubadilishwa baada ya wiki 4 hivi; wa silikoni huweza kukaa hadi wiki 12, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Mifuko ya mkojo hununuliwa, nauli hulipwa ya watu wawili kwa kuwa mzee haji peke yake, na kijana anayemsindikiza hukosa kibarua cha siku nzima. Zaidi ya hayo, kila siku ambayo mpira unabaki ndani huongeza uwezekano wa maambukizi, ambayo humrudisha mgonjwa wodini kwa homa na dawa za sindano. Kwa hiyo, siku ileile ya kuweka mpira, muulizeni daktari kama mgonjwa aanzishiwe tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya tezi dume ili mkojo upite, na ajaribiwe kukojoa bila mpira baada ya siku 2 au 3; akishindwa, rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mfumo wa mkojo isicheleweshwe. Tarehe ya jaribio hilo iandikwe kwenye karatasi anayokwenda nayo nyumbani, na anayemuuguza asomewe.

Mikono yetu nayo huongeza au hupunguza gharama. Msijaze puto, kile kifuko cha maji kwenye ncha ya mpira kinachouzuia usichomoke, mpaka mpira uingie wote na mkojo uonekane ukitoka, kwa sababu puto likijazwa ndani ya njia ya mkojo huichana, na kovu linalobaki huweza kuibana njia hiyo, hata mtu aliyekuja na ugonjwa mmoja akaondoka na mawili. Mpira ukikwama, msiusukume kwa nguvu. Iteni mwenye uzoefu. Pimeni mkojo wa kwanza, kisha endeleeni kupima: anayetoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa 2 mfululizo, asiruhusiwe kwenda nyumbani, hasa kama kreatinini yake (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) imepanda, maana anaweza kuishiwa maji na chumvi mwilini.

Ulizeni pia kuhusu mambo mengine yanayohusiana na kuziba mkojo: kama ametumia dawa za mafua, ana choo kigumu au ana ganzi ya miguu. Ganzi ya ghafla iliyoambatana na kuziba mkojo huweza kuwa dalili ya uti wa mgongo kubanwa, na hilo halisubiri kesho.

Kuhusu malipo, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, ila wengi wao huona haya kusema mbele za watu kwamba hawana fedha. Mwamkieni mzee, mvuteni kando, mumuulize kwa staha kuhusu bima na uwezo wake, kisha mumfikishe kwa afisa ustawi wa jamii kabla familia haijaanza kukopa.