Hodi Katikati ya Hesabu

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai huku Tukuyu. Kila mwisho wa mwezi hujumlisha kilo za majani mabichi za kila mkulima kutoka kwenye stakabadhi za mzani, lakini robo saa haipiti bila mtu kubisha hodi au simu kuita. Mwezi uliopita niliandika 78 badala ya 87, na mama mmoja akapunjwa kilo 9. Mwenyekiti anasema ni uzembe, kwa kuwa kazi yenyewe naimaliza kwa wakati, hivyo hodi si kisingizio. Je, ni uzembe?

JIBU: Pole sana, dada. Mimi siuoni uzembe hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwapa watu kazi ya kompyuta yenye hatua za kufuatana, kisha wakawa wanawakatiza kidogo tu. Katizo la wastani wa sekunde 2.8 liliongeza maradufu makosa ya mfuatano, na la sekunde 4.4 likayafikisha mara tatu. Muda huo haumtoshi mtu hata kuitikia shikamoo na kuulizia hali ya nyumbani! Anayejumlisha hushikilia kichwani jumla aliyofikia na mstari anaouendea, na hivyo ndivyo vinavyomponyoka anapoinua uso. Akirudi, huendelea akiamini yuko palepale.

Kuhusu hoja ya mwenyekiti, mtafiti Gloria Mark na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba waliokatizwa walimaliza kazi mapema kuliko wasiokatizwa, ila kwa msongo na kero zaidi. Kuwahi kumaliza, basi, si ushahidi kwamba hodi hizo hazikugharimu kitu.

Hata hivyo, mkulima aliyeshuka mlimani kwenye utelezi hastahili kufungiwa mlango. Akibisha hodi, kabla hujamtazama, weka rula chini ya mstari uliomaliza na uandike kwa penseli jumla uliyofikia, ndipo umkaribishe. Mwombe pia mwenyekiti akutengee asubuhi mbili za mwisho wa mwezi, saa 2 hadi saa 4, ambapo mwenzako atapokea wageni na simu, na tangazo libandikwe penye mzani, ambako wakulima hupanga foleni. Yule mama naye arekebishiwe hesabu yake kabla ya malipo yajayo, na umweleze wewe mwenyewe, ana kwa ana.