Swali la msomaji: Naenda treki mara ya kwanza, tairi niweke upepo kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimejiandikisha kwenda kukimbiza gari treki, ndo mara yangu ya kwanza. Gari ni la kawaida tu la kutembelea na tairi ni za barabarani, kibandiko cha mlangoni kinasema PSI 33 zote nne. Jamaa mmoja kaniambia nishushe mpaka 25 ili zishike kona, mwingine anasema nijaze 40. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, waache wote wawili. Anza na hiyo 33, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi kabisa, na gari lisiwe limepigwa jua upande mmoja maana namba zitakudanganya.

Ila hiyo 33 ni ya kuanzia tu, kwenye kona kinachofanya kazi ni upepo wa tairi ikiwa ya moto. Ukishakimbiza raundi kadhaa tairi inachemka, hewa ya ndani inatanuka na upepo unapanda kama PSI 1 kwa kila nyuzi 6 za joto za Selsiasi, so ukitoka ukakuta 39 au 40 usishtuke. Sasa huyo wa kukuambia ujaze 40 ya baridi, ikipata moto si utakuwa kwenye 46 huko, uso wa tairi unavimba katikati, mpira unaogusa lami unapungua na gari linaanza kuteleza. Na hiyo 25 ndo siitaki kabisa kwa mtu mgeni, ubavu unajikunja, tairi inakanyagia bega (pale uso wa tairi unapokutana na ubavu), inachemka kupita kiasi na ikizidiwa inaweza hata kuchomoka kwenye rimu.

Raundi za kwanza nenda taratibu, ukitoka tu treki na kusimama shika geji ya upepo, stori baadaye, maana upepo unashuka kadiri tairi inavyopoa. (Handbreki usivute, breki bado za moto.) Kwa tairi za barabarani, 36 mpaka 38 ya moto ni pazuri pa kuanzia kwa magari mengi, iliyozidi ipunguze kidogo kidogo. Kama treki inazunguka kwa mkono wa kulia, tairi za kushoto ndo zinabeba mzigo, hasa ya mbele, zinachemka zaidi na utazipunguza zaidi, kwa hiyo zikipoa utakuta hazilingani na za kulia na wala sio tatizo.

Kitu kingine, chukua chaki uchore mstari kutoka kwenye uso wa tairi kushuka ubavuni. Tairi nyingi zina kapembetatu kadogo pale begani. Ukirudi ukakuta chaki imefutika mpaka chini ya hako kapembetatu, tairi inajikunja sana, ongeza upepo, na kama haijafutika hata kukakaribia punguza kidogo.

Halafu nenda na pampu, usisahau kabisa. Tairi ulizopunguza zikiwa za moto zikipoa zitasoma chini ya 33, ngoja zipoe ndo uzirudishe kwenye namba ya kibandiko kabla hujaingia barabarani.