Kuweka tairi kubwa na sensa mpya kwenye Prado 150

Ndugu, nimekuelewa: gari limevaa tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17), unataka 285/70R17, na taa ya upepo kwenye dashibodi haizimi kwa sababu betri za sensa (vifaa vya ndani ya magurudumu vinavyopima upepo) zimekufa.

Ningekushauri uishie 265/70R17. Kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, yaani gari linainuka 13 hivi. Hiyo 285 inaongeza 54: ukikunja usukani hadi mwisho tairi husugua plastiki ya madigadi na kona ya chesesi nyuma yake. Pia spidometa ikisoma 100 unakwenda kama 107, na breki zinaelemewa. Ukiing'ang'ania, kuinua springi na kukata chochote mwachie fundi wa sasipensheni.

Kwenye sensa ndiko watu hupoteza hela. Masafa ya redio zinayotumia kutuma taarifa (315 au 433 MHz) yafanane na ya zile za zamani, la sivyo gari halizisikii. Andika namba ya kila sensa kabla tairi haijavalishwa. Fundi umeme mwenye mashine ataziingiza kwenye kompyuta ya gari. Mwambie fundi tairi asibandue tairi karibu na valvu, maana chuma kikiigusa sensa inapasuka. Jaza upepo sahihi tairi zikiwa baridi, kisha ndipo ubonyeze kitufe cha kuseti. Ukiseti na upepo pungufu, gari litauona huo ndio wa kawaida.

Nunua tairi tano, spea ikiwemo: Prado inavuta magurudumu yote muda wote, na tairi lenye kipenyo tofauti hulazimisha difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) kufanya kazi bila kupumzika. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.