Mayai tano imetoka, ya sita imebakia mu tumbo ya chatu

SWALI: Jambo Dokta. Niko hapa Lubumbashi, mu Kampemba, niko na chatu mwanamuke, ile tunaita piton royal, miaka ine, njo mara yake ya kwanza kutaga. Jumamosi usiku alitaga mayai tano, lakini karibu na mukia bado naona uvimbe kama kipande ya sabuni. Leo ni Jumatatu. Rafiki mumoja anasema niminye na kidole gumba mpaka itoke, mwingine anasema nitafute ile sindano banapigaka ngombe akishindwa kuzaa. Kura (umeme) ilikatika siku tatu mbele atage. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, asante sana kwa kuuliza mbele ya kuminya. Usiminye. Mrija ule mayai inapitaka ni laini sana, na yai ikikawia mule inakauka, inashikana na ngozi ya ndani, sasa ukisukuma kwa nguvu mrija unapasuka mule mule bila wewe kuona, ao unatoka wote inje. Nililetewaka chatu mumoja mu baridi ya mwezi wa saba, mwenyewe alikuwa anamuminya kila asubui na mafuta, alipofika mrija ulikuwa unaning'inia inje, mwekundu, umekauka, mchanga umeushika pande zote. Hatukuweza kumwokoa, na yule kijana alilia pale mbele yangu.

Leo usiku fanya hivi: mutie mu beseni ya maji ya vuguvugu, digrii 28 mpaka 30, pima na termometre, usipime na mukono, maji ifike nusu ya unene wake tu, dakika makumi tatu na wewe uko pale unamwangalia. Kisha mupanguse, murudishe fasi yenye joto na giza, usimushike-shike. Kama kura haiko, jaza chupa maji ya moto, funga mu kikwembe, weka pembeni ya kisanduku, lakini mbabula ya makala mu chumba imefungwa hapana kabisa, ule moshi unaua nyoka na unaua batu.

Hiyo inamusaidia kupata maji na nguvu, lakini kama masaa 48 imepita tangu yai ya mwisho, na wewe uko karibu pale, usingoje tena, kesho asubui muone veterineri. Hapa tuna bahati, Chuo Kikuu ya Lubumbashi iko na fakulte ya waganga wa nyama, anza kuuliza pale nani alishashika nyoka. Kwanza bapige radio ao ekografi, ni kusema picha ya ndani ya mwili, juu uvimbe ya fasi ile inaweza kuwa uchafu tu umekauka. Ikiwa kweli ni yai, mganga anaweza kupitisha sindano kati ya magamba ya pembeni, anavuta maji ya yai, yai inanywea, na mara mingi chatu anaitoa mwenyewe kisha siku moja ao mbili. Njo sababu nakuharakisha: yai ikikaa siku mingi ile ya ndani inagandamana, sindano haivute tena kitu, inabakia paka kupasua.

Sindano ya ngombe, ile oksitosini, kwa kobe inafanyaka kazi vizuri, kwa nyoka ni zaifu, na kama yai imeshikana ao iko na umbo mbaya inamukaza bule, mrija unaweza kupasuka. Mganga njo ataamua, kisha kuona picha.

Juu ya nini ilitokea? Mi naona kwanza ile kura. Chatu haina joto yake mwenyewe, musuli yake inasukuma kufuatana na joto ya fasi alipo, anahitaji upande moja digrii 31 mpaka 33, na hapa mu mwezi wa sita na wa saba usiku inashukaka chini ya 10. Kiu nayo inaleta shida hii, na unene, na kukosa fasi ya kujificha atage kwa utulivu. Unamulisha nini? Panya muzima ni muzuri, mifupa yake inamupa kalsiamu, lakini kama unamupa vipande vya nyama tupu, musuli inakosa nguvu ya kusukuma. Na mwaka kesho usimupandishe, muache apumuzike, arudishe kilo.

Ile mayai tano usiitupe. Anaizungukia, basi mutoe pole pole, tia alama ya kalamu juu ya kila yai na usiigeuze, juu kitoto ya ndani inashikana upande wa juu. Zilizoshikana usizibandue. Weka mu kisanduku yenye unyevu, digrii 31 ao 32, siku karibu 60. Kesho ukienda, andika saa alitaga ya mwisho na kilo yake, njo kitu ya kwanza atakuuliza.