Dawa ya asili ya kuongeza hamu na kubana uke, inajuzu?

SWALI: Asalaam aleykum ustadh. Nanyonyesha mtoto wa miezi 8, toka nijifungue sina hamu kabisa na mume wangu na tukikutana naumia kwa ukavu. Rafiki yangu kanipa unga wa mizizi wa aina mbili, mmoja wa kunywa, mwingine wa kujiweka ukeni usiku ili nibane. Je ni halali? Na nikiuweka mchana nimefunga?

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Usione haya kuuliza, Asmaa alimuuliza Mtume (saw) jinsi ya kujitwaharisha baada ya hedhi, akaambiwa achukue kitambaa chenye miski ajisafishie, hakuelewa, mpaka bi Aisha akamnong'oneza: fuatilia athari ya damu. Bi Aisha akawasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Kujitibu kwa miti ni halali, Mtume (saw) kasema Allah hakuteremsha ugonjwa ila kauteremshia na dawa yake (Bukhari). Ila siku hizi mtu akisikia "ya asili" anadhani ndo salama, wakati sumu nazo zinaota ardhini. Huo wa kunywa, muulize rafiki yako ni mti gani. Kama hajui, usinywe, mana unanyonyesha na vitu vingine vinapita kwenye maziwa.

Huo wa kuweka sikubaliani nao kabisa. Uke unajisafisha wenyewe na una bakteria wazuri wanaoulinda, sasa ukitia unga unawavuruga, unga unakwaruza, unaacha michubuko na michubuko ndo mlango wa maradhi, virusi vya ukimwi vikiwemo. Alafu we mwenyewe umesema shida ni ukavu, unaongezaje kikausho juu ya ukavu? Mtume (saw) kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na asije mtu akatoa hoja ya miski, ile ilikuwa ya kuondoa athari ya damu, sio ya kubana.

Kuhusu funga, kwa madhhab ya Shafii kinachoingizwa ukeni mchana kwa makusudi kinafunguza, wanachuoni wengine kama Ibn Taymiyya hawaoni hivo. Hata dawa atakayokuandikia daktari iweke usiku, utoke kwenye khitilafu.

Ukavu wako una sababu, kunyonyesha kunashusha homoni ya estrojeni, kwa wengi hali inarudi mtoto akipunguza ziwa. Kwa sasa tumia kilainishi cha maji, hakina ubaya kisheria. Na mume aambiwe, asikuvamie tu, ile hadithi ya kutanguliza busu na maneno kama mjumbe kabla ya tendo, sanadi yake (mlolongo wa wapokezi) ni dhaifu lakini maana yake mi naipenda. Maumivu yakiendelea, au ukiona harufu au damu, nenda kwa daktari, wa kike akipatikana ndo bora.

Unga huo wa kuweka usimrudishie rafiki yako, atampa mwingine. Umwage.

Wallahu a'lam.